Kabla ya Kubomoa Ukuta wa Jikoni



Tangu Idi ipite wametujia waume watatu, kila mmoja kwa siku yake baada ya sala ya Alasiri, na kila mmoja ana suali. Tulidhani ni mirathi, au talaka, au mzozo wa mpaka wa shamba, kwani hayo ndiyo tuliyoyazoea. Kumbe wote watatu walikuwa na jambo moja: wataka kulitengeneza jiko upya. Mmoja amelipwa kiinua mgongo chake, wa pili ametumiwa fedha na mwanawe aliyeko Ghuba, na wa tatu hana hiari, paa la jiko limeanza kumdondokea. Wakatuuliza ni fundi gani mwaminifu, ni vigae vya rangi gani visivyoonyesha taka, na kama yafaa kuchukua mkopo wa riba kwa kazi hiyo. Hilo la mwisho tulilijibu papo hapo, na msomaji anajua tulijibu nini. Kisha nasi tukamuuliza kila mmoja wao: je, mama watoto amesema nini?

Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema anamficha, ataka akirudi kutoka safari alikute jiko jipya limekwisha. Wa tatu akasema kuchora ramani si kazi ya wanawake.

Hatukuweza kuwalaumu sana, maana tuliyoyasikia vinywani mwao tuliwahi kuyatenda kwa mikono yetu. Na kwa kuwa makala haya husomwa zaidi na mama na dada zetu, ambao nao watayasoma kwa sauti mbele ya waume zao wakipenda, tumeona tuyaeleze yaliyotupata bila ya kujipamba.

Nyumba yetu ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, kama zilivyo nyingi Majengo, Kisauni na Likoni: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma penye choo, jiko na tangi la maji. Jiko lenyewe ni chumba cha futi 10 kwa 8. Miaka 14 iliyopita tulivunja kibubu tukaita mwashi. Ahli yetu alikuwa Malindi akimuuguza mamake. Tulikaa na mwashi barazani, tukanywa kahawa, na kabla birika halijaisha jiko lilikuwa limekwisha kupangwa. Karo la kuoshea vyombo litakuwa upande wa kulia wa mlango kwa kuwa bomba linaingilia huko na tutapunguza gharama. Moto utakuwa upande wa kushoto, mwisho kabisa, kwa kuwa dirisha liko huko. Kabati la vyakula litakaa nyuma ya mlango kwa kuwa pana nafasi. Sakafu iwe na vigae vyeupe vinavyong'aa, kama vya msikitini. Ahli yetu aliporudi alisimama mlangoni, akasema, "Mashaallah, pamependeza." Sisi tukayachukua maneno hayo kuwa ni ridhaa.

Miaka tisa baadaye, katika kumi la mwisho la Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi, alikuwa ameinua sufuria ya uji kutoka motoni kuipeleka kwenye meza iliyo kando ya karo, maana kando ya moto hapakuwa na mahali pa kutua hata sahani. Njia yake ilipita mbele ya mlango. Mlango ukafunguliwa na mtoto aliyetumwa kuleta tende. Sakafu ilikuwa imerowa. Mtoto, Alhamdulillah, hakuguswa, lakini mguu wa ahli yetu ulibabuka tangu kifundo hadi vidole. Na katika fadhaa ile tukampaka dawa ya meno, ambalo lilikuwa kosa juu ya kosa. Aliyeungua hutiliwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, wala samli, wala unga.

Usiku ule, mguu umefungwa, alituambia kwa upole ambao ulituuma kuliko ukali: "Maalim, mwaka wa tisa huu nayabeba maji ya moto mbele ya mlango."

Tukamwambia, "Mbona hukusema?"

Akatujibu, "Hukuniuliza."

Wengi wetu tumesomeshwa habari ya Bibi Fatma, Radhi za Allah ziwe juu yake, alipolalamikia jiwe la kusagia lilivyomuumiza mikono, akaenda kwa babake kutaka mtumishi. Waalimu wetu hutumia kisa hicho kuwafunza wake subira, kwa kuwa Mtume, Sala na Amani zimshukie, hakumpa mtumishi bali alimfundisha dhikri za kusoma wakati wa kulala. Hilo ni kweli. Lakini tazameni na upande ambao hautajwi sana. Alipoambiwa kuwa bintiye alikuja na hakumkuta, hakungoja arudi. Alimwendea mwenyewe nyumbani kwake usiku na kulizungumza jambo lake. Wala hakumwambia kuwa jiwe ni jepesi. Na Bibi Aisha, Radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za ahli zake mpaka ufike wakati wa sala. Basi mume ambaye taabu ya mkewe anaweza kuiondoa kwa karai mbili za zege na futi tatu za bomba, akamwachia asubiri, sisi hatujui ataishika dalili gani.

Mara ya pili tulianza kwa kumuuliza. Naye, kwa hekima aliyoipata jikoni, hakutujibu kwa maneno. Alimpa binti yetu mdogo tasbihi, akamwambia akae juu ya ndoo pembeni, na kila mamake akipiga hatua avute punje moja. Siku hiyo alipika chakula cha kawaida: wali wa nazi, mchuzi wa samaki na mchicha. Hadi anapakua, mtoto alikuwa amevuta punje 340, nasi tumekaa hapo hapo tukiona ni wapi zilikokwenda. Karibu nusu ya hatua hizo zilikuwa za kwenda na kurudi baina ya karo na moto. Nyingine nyingi zilikuwa za kuufunga mlango ili kabati la nyuma yake lifunguke.

Tukaja kusoma kwamba watu wa mbali wameihesabu kazi hii kabla yetu. Katika miaka ya 1940 wasanifu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza jiko kwa pembetatu: ncha moja ni karo, ya pili ni moto, ya tatu ni mahali chakula kinapowekwa, aghalabu friji. Kanuni iliyoenea kutokana na hayo ni kuwa kila upande wa pembetatu usipungue futi 4 wala usizidi futi 9, na pande zote tatu zikijumlishwa ziwe baina ya futi 13 na 26. Chini ya hapo mtu hujigonga, juu ya hapo huchoka bure. Na njia ya kupita watu isiikate pembetatu hiyo. Jiko letu la kwanza lilikuwa limewekwa njia ya mlango katikati ya pembetatu, na mguu wa ahli yetu ndio uliolipa.

Kabla ya hao, mwaka wa 1926, mwanamke mmoja wa Austria aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa dogo, la mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kimefikika kwa hatua moja au mbili, na yakajengwa kama 10,000 ya namna hiyo. Ni kazi ya kusifiwa. Ila bibi huyo alikiri mwenyewe uzeeni kuwa alipolibuni hakuwa akijua kupika. Na moja katika lawama lililopata jiko lake ni kuwa lilimtosha mtu mmoja tu: mama akiingia, bintiye hana pa kusimama. Tunalitaja hilo kwa sababu majiko ya picha wanayotuonyesha mafundi wetu leo kwenye simu zao ni wajukuu wa jiko lile. Sisi hatupiki mmoja mmoja. Siku ya Ramadhani jikoni mwetu mna mama, mabinti wawili, mkaza mwana, na jirani aliyekuja kuazima kijiko akabaki kukunja sambusa. Nafasi ya kupita ya futi 3 na nusu humtosha mpishi mmoja. Wakiwa wawili wanaopishana na sufuria ya moto, zisipungue futi 4.

Kuna na jambo jingine ambalo picha hizo hazilijui kabisa, nalo ni mbuzi. Mpishi wa Kizungu hufanya kazi zote kwa kusimama, kwa hiyo jiko lake ni meza ndefu ukutani. Mama zetu hufanya nusu ya kazi kwa kukaa: kukuna nazi, kupeta na kuchagua mchele, kuparaza samaki, kusukuma chapati, kutwanga kitunguu thomu. Mwenye kusema kwamba siku hizi mashine husaga nazi amesema kweli, lakini na aende jikoni mwake siku stima imekatika. Tumewaona mama wanaojengewa jiko la fahari, kisha wakachukua mbuzi na kibao wakaenda kukaa nje ya mlango juani, kwa sababu ndani hamna futi mbili za sakafu tupu. Bikizee wa nyumba, ambaye kuchagua mchele ndiyo kazi iliyomsalia na ndiyo inayomweka karibu na wajukuu zake, huyo ndiye wa kwanza kufukuzwa na jiko jipya bila ya mtu kukusudia. Sisi tulijenga kibaraza cha saruji kando ya ukuta, kimo cha inchi 16, urefu wa futi 4. Mwashi alituuliza ni cha nini. Alipoambiwa ni cha mama mkwe, aliona tumezeeka.

Kimo cha meza ya kusimama nacho kina hesabu yake. Mafundi hujenga inchi 36 kwa kila mtu kama kwamba wanawake wote wamekatwa kwa kipimo kimoja. Msimamishe mpishi mwenyewe, mikono ikunjwe kwenye viwiko, kisha shuka chini ya kiwiko inchi 4 hadi 6: hapo ndipo pa kukatia na kupikia. Ahli yetu ana kimo cha futi tano, na meza yake ikatokea inchi 33. Miaka tisa alikuwa akikata vitunguu mabega yamepanda juu, na sisi tukimnunulia mafuta ya kuchua shingo kila mwezi. Kwa kukanda unga, pashuke zaidi, kwani kukanda ni kwa uzito wa mwili si kwa mikono mitupu.

Tena taa. Watu wengi hutundika taa moja katikati ya dari, na mpishi anapoikabili meza ya ukutani kivuli chake humwangukia kisuni. Taa na iwe mbele yake, juu ya meza anayofanyia kazi.

Sasa tuje kwenye stara, maana hapa nyumba zetu zina mtihani wa peke yake. Katika nyumba ya uwani, choo kiko nyuma na jiko liko nyuma. Mgeni mwanamume akitaka kutawadha, lazima apitishwe uwani, na wanawake wanaopika wakimbilie mitandio yao, wengine mikono imejaa unga. Tumeishi hivyo tangu wazee wetu, kwa kupiga hodi na kukohoa, na adabu hiyo ni njema. Lakini ukiwa unabomoa, mbona usiondoe dhiki? Mlango wa jiko usiangaliane na mlango wa choo. Ukitazama upande mwingine wa ua, au ukajengewa kiukuta cha futi 6 mbele yake, mgeni atapita na mpishi ataendelea. Dirisha la upande wa kichochoro liinuliwe hata ukingo wake uwe juu ya macho ya mpitaji. Hewa na mwanga vitaingia kwa juu, na mama ataweza kupika bila ya kujifunika katika joto la Februari. Na kwa aliye na nafasi, tundu la kupitishia sahani baina ya jiko na chumba cha kulia, lenye kifuniko, ni jambo la gharama ndogo na raha kubwa: chakula chatoka na mpishi hatoki.

Juu ya hewa, tukumbuke kuwa Mola ametupa pepo mbili za kutegemea. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi au karibu, kisha Kusi ikashika kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Jiko lenye dirisha moja halifaidi upepo wowote, kwa kuwa hewa haiingii mahali isipokuwa na pa kutokea. Yawe mawili, yakabiliane au yakaribie kukabiliana, na juu karibu na paa yaachwe matundu, kwani moshi na joto hupanda. Wajenzi wa majumba ya mawe ya Lamu walilijua hilo, ndiyo maana jiko aghalabu waliliweka juu kabisa ya nyumba, chini ya makuti, moshi uende zake usirudi vyumbani. Moto uwekwe upande ambao upepo unatokea, si unaoingilia, na usiwe chini ya dirisha hasa: upepo huuzima mwali wa gesi huku gesi ikiendelea kutoka, na mkono wa mwenye kufungua dirisha hupita juu ya sufuria.

Msione tunarefusha habari ya moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, makaa na mfano wake, ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 katika hao ni watoto wasiofika miaka mitano. Mtoto mchanga hubebwa mgongoni na yule yule anayepuliza moto. Ikiwa bado mwatumia makaa, na wengi twatumia, maana mkate wa sinia bila ya moto juu na chini si mkate, basi jiko la makaa lipewe pahali pake nje uwani, chini ya kipaa, na liwe na meza yake. Usiku wa mvua lisiingizwe ndani na kufungiwa milango. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala nayo huenda asiamke.

Gesi nayo ina tabia ambayo mwenye kuitumia lazima aijue. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Hushuka, ikatambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini. Kwa hiyo yale matundu ya juu hayaisaidii, wataka na tundu la chini, usawa wa sakafu, linalotoka nje. Ikiwezekana mtungi, wa kilo 6 au wa 13, ukae nje ya ukuta, umesimama wima, kivulini, mbali na mtaro wa maji machafu, na mpira wake upite njia fupi isiyogusa joto. Kumfungia mtungi ndani ya kabati lililozibwa pande zote ili usiharibu uzuri ni kuutafutia nyumba msiba. Harufu mbaya unayoisikia imetiwa makusudi ili ukutambulishe hatari. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, toa watoto, wala usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima. Tumefunzwa na Mtume tuzime moto na tufunike vyombo kabla ya kulala, na jiko lililopangwa vyema ni lile ambalo bomba la gesi liko mahali pa kufikika na mkono wa mama aliyechoka saa nne za usiku, si nyuma ya moto wala chini ya magunia.

Maji tutayataja kwa uchache, kwa kuwa kila mkaazi wa Mombasa ni mwanachuoni wa ukosefu wa maji. Usipange karo kwa kutegemea mfereji wa mji peke yake. Tangi la juu liwe karibu na jiko, na chini ya meza paachwe pahali pa madeli mawili, yenye vifuniko, yanayofikika kwa kata bila ya kuinama sana. Maji ya kisima chenye chumvi hula vyuma. Karo la chuma hafifu halimalizi miaka mingi, na mabomba ya plastiki ndiyo yetu. Mtaro wa kutolea maji uteremke inchi moja kwa kila futi 4, na mwashi akikwambia atakisia kwa macho, mwambie alete kipimo. Kando ya karo kuwe na futi 2 za meza kwa vyombo, na kila upande wa moto kuwe na futi moja au zaidi ya kutulia sufuria. Hiyo futi moja ndiyo tuliyoikosa sisi. Soketi za stima zikae mbali na maji. Friji isibanwe na moto, itakula stima usiku na mchana kujipoza. Kabati za chini tusishawishike na mbao za unga ulioshindiliwa. Unyevu wa pwani huzivimbisha kama mahamri. Sisi tulijenga nguzo za saruji na rafu, tukatia mapazia ya kitambaa, na milango ya mbao ikaja mwaka wa pili tulipojaaliwa.

Huo ndio utaratibu tunaomshauri mwenye fedha kidogo: vya ndani ya ukuta na chini ya sakafu vitangulie, navyo ni mabomba, nyaya, mtaro na matundu, kwani hivyo kuvirudia ni kubomoa. Vya kuonekana vyaweza kungoja. Vigae vya sakafu viwe vya uso mkavu usioteleza, hata kama having'ai. Vyeupe vya msikitini tumeving'oa.

Kuhusu mafundi, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka juu ya watu kuandikiana madeni, na hata hivyo twampa fundi nusu ya fedha kwa kupeana mikono barazani. Andikeni kazi ni ipi, vifaa ni vya nani, itaisha lini, malipo ni kwa hatua zipi, na shahidi awepo. Naye akitimiza, asizungushwe na ujira wake. Wala kazi isianze Shaaban. Hakuna jiko lililoanzwa Shaaban likaisha kabla ya mwezi kuandama, na nyumba nzima itafuturu kwa chakula cha kununua huku saruji ikiwa ukumbini.

Yabaki kueleza jinsi ramani ilivyochorwa, maana hatukuwa na fedha ya msanifu. Ahli yetu alichukua chaki, akalichora jiko sakafuni uwani kwa ukubwa wake kamili, futi 10 kwa 8, na mlango na madirisha. Boksi la televisheni likawa friji, beseni likawa karo, kiti kikawa moto. Kisha akapika chakula cha hewani: akatoa samaki asiyekuwapo, akamwosha, akamkata, akamtia motoni, na binti na tasbihi yake ameketi pale pale. Alisogeza beseni mara tatu. Mara ya kwanza aligongana na boksi. Mara ya pili mlango ulimzuia, akaamua ufunguke kwa nje. Mwisho meza ikashika umbo la herufi L kwenye kuta mbili mbali na mlango, au tuseme umbo la lamu iliyogeuzwa, kwa walioijua alifu kabla ya A. Karo likaja chini ya dirisha la uani ili awaone watoto, moto ukawa ukuta wa pili futi 5 kutoka hapo, friji mwisho wa meza karibu na mlango ili mtoto anayetaka maji asipite kwenye moto. Kibaraza cha mamake kikapata kona yake. Mwashi alikuja jioni akapima alama za chaki, akaandika, akasema kwa umri wake hajawahi kupewa ramani iliyo wazi kama ile.

Kulihamisha karo kulitugharimu zaidi ya tulivyopanga, nasi tukaingia mwezi wa pili bila ya vigae. Chakula cha kwanza kilichopikwa humo kilikuwa kile kile: wali wa nazi, mchuzi wa samaki na mchicha. Binti alihesabu bila ya kuombwa. Hatua hazikufika 150.

Yule ndugu aliyetaka kumficha mkewe alirudi kwetu juzi. Amenunua chaki.

Wabillahi tawfiq.